Shajara ya Mradi: Kuandika Upya Waraka kwa Filemoni kwa Zana za Karne ya Kwanza

6 Februari

Darasa la Biblia la watu wazima la usharika wetu hapa Mwanza limekuwa likisoma nyaraka za Paulo, na kila mara majadiliano yamerudi kwenye mambo ambayo nyaraka zenyewe huyataja kwa kupita tu: nani alishika kalamu, aliandika juu ya kitu gani, nani aliubeba waraka, na walioupokea walijuaje kwamba umetoka kwa Paulo kweli. Tumekubaliana kwamba tutayajibu vizuri zaidi tukiandika waraka mmoja kwa zana za wakati ule na kuuonyesha katika ukumbi wa usharika, pamoja na mabango ya maelezo kwa Kiswahili. Mchungaji mstaafu aliyesoma Kigiriki chuoni amekubali kutusomea imla. Shajara hii inaweka kumbukumbu ya kazi inavyokwenda.

Waraka tuliouchagua ni ule kwa Filemoni. Kwa Kigiriki una maneno 335 tu, kwa hiyo ndio unaokaribiana zaidi, kwa urefu, na barua za kawaida za watu wa enzi hiyo. Warumi, wenye maneno zaidi ya 7,000, haukuwa barua ya kawaida kwa kipimo cha mtu yeyote. Hata hivyo katika ufupi huo Filemoni una karibu kila kitu tunachotaka kukionyesha: mtumaji mwenza, ambaye ni Timotheo, wapokeaji zaidi ya mmoja, yaani Filemoni, Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani, ahadi ya deni iliyoandikwa kwa mkono wa Paulo mwenyewe, ombi la kuandaliwa mahali pa kulala, salamu za wenzake watano, na Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ambaye ndiye habari yenyewe na pia yumo katika msafara ulioipeleka.

Hakuna hata waraka mmoja wa Paulo ambao karatasi yake ya kwanza imesalia. Tunachokijua kuhusu sura ya barua za wakati huo kinatokana zaidi na mchanga mkavu wa Misri, hasa majaa ya mji wa Oxyrhynchus, ambako Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba majira ya baridi ya 1896 na 1897, na ambako vipande vilivyopatikana vinahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Barua tutakazoziweka kandokando ya Filemoni zinatoka zaidi huko Misri.

18 Februari

Karatasi. Mafunjo yapo tele kandokando ya Ziwa Victoria, na mama mmoja anayesuka mikeka kwa mafunjo ametuletea mabua mabichi, manene kuliko tulivyotarajia. Bua lina pande tatu. Ganda lake la kijani likimenywa hubaki moyo mweupe wenye majimaji. Plinio Mzee, Mrumi aliyeandika katika karne ya 1 BK, anaeleza kwamba moyo huo ulichanwa vipande vyembamba na vipana kadiri ilivyowezekana, vikapangwa sambamba juu ya ubao uliolowa, tabaka la pili likalazwa juu yake kwa kukingama, kisha vyote vikashindiliwa na kuanikwa juani. Karatasi zilizopatikana ziliunganishwa kwa gundi kuwa gombo, na anasema gombo moja halikuzidi karatasi 20. Aliyetaka kuandika barua alikata kipande alichohitaji.

Plinio anadai kwamba matope ya maji ya Nile ndiyo yaliyofanya kazi ya gundi kati ya tabaka mbili. Sisi tumetumia maji ya bomba, na karatasi imeshika barabara; kinachogandisha ni majimaji ya mmea wenyewe. Fundi seremala wa jirani ametuazima jiliwa lake kwa kushindilia, na hilo limesaidia kuliko mawe tuliyokuwa tumeyaandaa.

Jambo ambalo bango la kwanza litalieleza ni uso wa karatasi. Upande mmoja nyuzi zimelala, upande wa pili zimesimama. Kalamu ikienda sambamba na nyuzi inateleza. Ikizikata inarukaruka na kutapanya wino. Kwa sababu hiyo barua za Misri kwa kawaida zimeandikwa upande wa nyuzi zilizolala, na mgongo wa karatasi umeachiwa anwani. Mgeni ataruhusiwa kupitisha kidole pande zote mbili za kipande cha majaribio, kisha asome maelezo.

1 Machi

Wino na kalamu. Wino wa kawaida wa enzi hiyo ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya miti na maji. Masizi tumeyapata kwa kuinamisha sahani ya bati juu ya moto wa kibatari, na gundi ni ile inayotoka kwenye gome la mgunga, iliyotwangwa na kulowekwa. Gundi ikiwa kidogo, wino ukikauka unafutika kwa kidole. Ikizidi, wino unang'aa na kupasuka karatasi inapokunjwa.

Wino wa masizi hauingii ndani ya karatasi, bali unakaa juu yake, na kitambaa chenye maji kinaweza kuufuta kabisa. Karani wa zamani alibeba sifongo pamoja na kalamu, kisu na kidau chake. Tulipojaribu, mstari mzima uliondoka bila kuacha alama ya kuonekana kwa mbali. Waraka kwa Wakolosai unasema kwamba Mungu aliifuta hati ya deni iliyokuwa ikitushitaki, na watu waliousikia waraka huo ukisomwa walikuwa wameona hati zikifutwa hivyo kwa macho yao. Bango la wino litabeba jambo hilo, na onyesho la kufuta litafanyika kila saa, kwa kuwa nina hakika hakuna atakayeliamini bila kuliona.

Kalamu ni tete lililokaushwa, likachongwa ncha na kupasuliwa katikati. Inaandika vizuri lakini inachoka upesi, na kila baada ya mistari michache lazima ichongwe upya. Kwa hiyo maandishi yanaanza membamba, yananenepa kidogo kidogo, kisha yanarudi membamba, na hali hiyohiyo inaonekana katika picha za barua za kale tunazozitazama.

12 Machi

Umbo la barua. Barua ya Kigiriki ya wakati ule ilianza kwa jina la mtumaji, likafuata la mpokeaji, kisha salamu. Yakaja maombi ya afya, habari yenyewe, salamu za jamaa na marafiki, na mwisho neno la kwaheri. Barua ya jemadari Klaudio Lisia kwa liwali Feliki, katika Matendo ya Mitume, na ufunguzi wa Waraka wa Yakobo, zinafuata desturi hiyo bila kuibadilisha. Paulo ameihifadhi mifupa yake lakini amebadilisha nyama: pale ambapo wengine walisema salamu tu, yeye anaombea neema na amani, na pale ambapo wengine waliombea afya kwa mstari mmoja, yeye hutoa shukrani ndefu, ambayo mara nyingi imeshaingia katika hoja kabla msomaji hajatambua kwamba hoja imeanza. Maombi ya afya ya mtindo wa kawaida yamo mwanzoni mwa 3 Yohana.

Kwa bango hili tumetafsiri barua tatu kutoka Misri, na kwa maoni yangu ndizo zitakazowavuta wageni kuliko maelezo yoyote tutakayoyaandika.

Ya kwanza ni ya Apion, kijana wa karne ya 2 aliyejiunga na jeshi la majini la Roma na kufika Misenum huko Italia. Anamwandikia baba yake Epimachos, anamshukuru bwana Serapis aliyemwokoa katika hatari ya bahari, anamweleza kwamba amepokea vipande vitatu vya dhahabu vya posho ya safari kutoka kwa Kaisari, anasema amepeleka picha yake ndogo kwa mkono wa mtu aitwaye Euctemon, na kwamba sasa jina lake ni Antonius Maximus. Baada ya hapo zinafuata salamu kwa ndugu na marafiki. Ukiyaondoa majina ya miungu, unasoma barua ya kijana yeyote aliyeajiriwa mbali na kwao.

Ya pili ni ya Hilarion, aliyekuwa kazini Alexandria mwaka 1 KK, kwa Alis, mwenzi wake mjamzito. Anamtuliza asihangaike iwapo wengine watarudi nyumbani naye akabaki, anaahidi kupeleka fedha mara atakapolipwa, kisha kwa sauti ileile anamwagiza kwamba akijifungua mtoto wa kiume amwache aishi, na akiwa wa kike amtupe. Tulijadiliana kama iwekwe, kwa sababu ya watoto watakaokuja na wazazi wao. Nimeshikilia iwekwe, kwa kuwa ndiyo dunia ambamo barua kuhusu mtumwa aliyepokewa kama ndugu mpendwa ilisomwa, na bila kuijua dunia hiyo Filemoni hauwezi kupimwa uzito wake.

Ya tatu ni ya mtoto Theon kwa baba yake, ambaye amekwenda mjini bila yeye: asipopelekwa Alexandria hatamwandikia barua, hatasema naye, wala hatamtakia afya; na asipoletewa anachotaka, hatakula wala kunywa. Kigiriki chake kina makosa mengi, na tafsiri yetu haikuyasahihisha yote.

25 Machi

Leo tumefanya jaribio la kwanza la imla, na hapa ndipo mradi unapopata kiini chake. Picha iliyozoeleka ni ya Paulo peke yake gerezani, ameinamia meza. Katika Waraka kwa Warumi yupo Tertio anayejitaja wazi kuwa ndiye aliyeuandika na kuwasalimu wasomaji kwa nafsi yake. Paulo kwa upande wake huchukua kalamu mwishoni: katika 1 Wakorintho, Wakolosai na 2 Wathesalonike anasema salamu hii ni kwa mkono wake, na katika Wagalatia anawaonyesha herufi zake jinsi zilivyo kubwa. Maneno hayo hayana maana isipokuwa kama yote yaliyotangulia yalikuwa na mwandiko wa mtu mwingine.

Desturi hiyo haikuwa ya Paulo wala ya Wakristo peke yao. Karibu na mwaka 100, katika ngome ya Vindolanda kaskazini mwa Uingereza, Claudia Severa, mke wa afisa, alimwalika Sulpicia Lepidina kwenye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba. Mwaliko umeandikwa kwa wino juu ya ubao mwembamba, kwa mwandiko safi wa karani. Chini kulia kuna mwandiko mwingine, wenye kusitasita, ambamo Severa mwenyewe anamwambia rafiki yake kwamba atamtazamia, akimwita dada na roho yake mpendwa. Ubao huo uko British Museum, na picha yake imechapishwa mara nyingi. Tutaiweka kando ya Wagalatia 6:11, na sidhani kama maelezo marefu yatahitajika.

Imla yenyewe ilikwenda namna gani? Zilikuwapo njia mbili, ya polepole, silabi kwa silabi, na ya haraka, kwa alama za hati mkato, na ya pili ilihitaji fundi. Mkataba wa mwaka 155 kutoka Oxyrhynchus unaonyesha bwana mmoja akimkabidhi mtumwa wake Chaerammon kwa mwalimu wa hati mkato kwa miaka miwili, kwa ada ya drakma 120: 40 zilikwisha kulipwa, 40 zingelipwa mtoto akishajua kitabu chote cha alama, na 40 za mwisho akiweza kuandika na kusoma bila kosa. Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, alikuwa na Tiro, mtumwa aliyemwachia huru, kwa kazi hiyo. Tertio alitumia njia ipi, yeye mwenyewe hakusema.

Zipo sehemu ambapo imla inasikika. Katika 1 Wakorintho 1 Paulo anasema hakumbatiza mtu Korintho isipokuwa Krispo na Gayo. Halafu anakumbuka kwamba aliibatiza na nyumba ya Stefana. Halafu anaongeza kwamba zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mtu mwingine. Mtu anayeandika mwenyewe na mwenye sifongo mkononi angefuta sentensi ya kwanza. Ninavyoisoma, mtu alikuwa akisema, karani akiandika, na mtu mwingine chumbani akasema, "Na Stefana je?"

Mchungaji alisoma Filemoni polepole, mwanafunzi mmoja wa sekondari akaandika, karatasi ikiwa juu ya goti lake, kwa sababu picha na sanamu za makarani wa kale huwaonyesha wakiandikia mapajani na si mezani. Herufi ni kubwa zote, bila nafasi kati ya maneno na karibu bila alama za vituo. Ule mstari wa Filemoni 19, ambapo Paulo anaahidi kwa mkono wake kwamba atalipa, tuliuacha wazi, na mchungaji akaushika kalamu yeye. Tofauti ya mwandiko inaonekana kutoka mlangoni. Kwa mtazamaji wa karne ya 1 hilo halikuwa pambo. Mstari ulioandikwa kwa mkono wa mdaiwa, wenye jina lake na neno la kulipa, ulikuwa na sura ya hati ya deni.

Nyongeza fupi juu ya makarani, maana si wote walikuwa mabingwa. Petaus, karani wa kijiji cha Ptolemais Hormou huko Fayum kati ya miaka 184 na 187, ametuachia karatasi aliyojifunzia kuandika sahihi yake mwenyewe na neno la kuthibitisha hati, akilirudia tena na tena, na njiani akaangusha herufi ya kwanza ya kitenzi na kuendelea kulikosea hivyo hadi chini. Huyo alikuwa afisa wa serikali. Darasa lilicheka sana, na bango lake limeshaandikwa.

9 Aprili

Gharama, kwa kifupi. Makarani wa nakala walilipwa kwa idadi ya mistari ya kipimo, kila mmoja wa silabi 15 au 16 hivi. Kwa hesabu zilizohifadhiwa katika mapokeo ya hati za kale, Warumi ni mistari 920 na Filemoni ni 38 hivi. Amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301 iliweka dinari 25 kwa mistari 100 ya mwandiko bora, na 20 kwa ule wa daraja la pili. Kibarua wa shambani katika amri hiyohiyo alipangiwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Kwa bei hizo nakala nzuri ya Warumi ingegharimu dinari 230, yaani ujira wa kibarua wa siku tisa, na Filemoni chini ya 10. Miaka karibu 250 inatenganisha amri hiyo na Paulo, na fedha ilikuwa imeshuka thamani sana, kwa hiyo bango litaonyesha uwiano wa siku za kazi na wala si dinari.

20 Aprili

Kukunja na kufunga. Karatasi inakunjwa mara kwa mara kwa urefu hadi iwe ukanda mwembamba, inabanwa bapa, inafungwa kwa uzi uliochanwa kwenye mafunjo hayohayo, na juu ya fundo hubandikwa donge la udongo linalogongwa muhuri. Nje huandikwa jina la mpokeaji. Katika barua nyingi alama ya msalaba wa wino imechorwa pale uzi ulipopita, hivyo kwamba mtu akiufungua uzi na kuurudisha, mistari haikutani tena sawasawa. Tumeijaribu kwa kumpa kijana mjanja wa darasa kazi ya kuifungua barua na kuifunga bila kugunduliwa. Aligunduliwa.

8 Mei

Mjumbe. Kaisari Augusto alianzisha mtandao wa wajumbe na vituo vya farasi, lakini huo ulikuwa wa shughuli za dola, na mtu binafsi hakuwa na posta. Alitegemea mtumwa wake, rafiki anayesafiri, au mfanyabiashara wa ngamia au meli aliyekuwa akielekea huko. Bahari nayo ilikuwa na msimu wake: Vegetius, mwandishi Mrumi wa mambo ya vita, anaandika kwamba kuanzia 11 Novemba hadi 10 Machi safari za baharini zilifungwa.

Kwa sababu hiyo jina la mjumbe katika waraka linastahili kusomwa kwa makini zaidi ya tunavyofanya Jumapili. Fibi wa Kenkrea, bandari ya Korintho, anatambulishwa kwa Warumi kwa maneno ya sifa, na wasomi wengi wanaona kwamba ndiye aliyeubeba waraka. Tikiko katika Wakolosai anatajwa kuwa ndiye atakayewaarifu mambo yote ya Paulo, yaani yaliyoandikwa yalikuwa sehemu tu ya ujumbe, na sehemu nyingine ilikuwa kichwani mwa mchukuzi. Pamoja naye alikuwa Onesimo. Kanisa la Roma lilipowaandikia Wakorintho mwishoni mwa karne ya 1, waraka ambao mapokeo yanamhusisha nao Klementi, lilituma watu watatu, Claudius Ephebus, Valerius Bito na Fortunatus, likaeleza kwamba wametumwa watu waaminifu walioishi bila lawama tangu ujana hadi uzee ili wawe mashahidi kati ya pande mbili, na likaomba warudishwe upesi na habari za amani. Kazi hiyo ni ya wasuluhishi waliobeba karatasi mkononi.

Hofu ya barua za bandia ilikuwapo tangu mwanzo, kwa maana 2 Wathesalonike inaonya juu ya waraka unaodhaniwa kuwa umetoka kwa Paulo. Dionisio, askofu wa Korintho katika karne ya 2, alilalamika kwamba watu wamezikatakata na kuziongezea barua zake. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Afrika ya Kaskazini. Mwaka 250 Sipriani, askofu wa Karthago, akiwa mafichoni wakati wa mateso ya Kaisari Decius, alipokea barua kutoka Roma isiyokuwa na jina la mwandishi wala la mpokeaji. Mwandiko, maudhui, hata karatasi yenyewe, vyote vilimtia shaka kwamba kitu kimeondolewa au kubadilishwa. Akawarudishia makasisi wa Roma karatasi ileile na kuwaomba waangalie kama ndiyo waliyomkabidhi shemasi mdogo Crementius. Muda si mrefu baadaye, alipohitaji kuandika Roma na hakuwa na makleri wa kutosha wa kubeba barua, alimfanya Saturus kuwa msomaji na Optatus kuwa shemasi mdogo, akawaeleza mapadre na mashemasi wake sababu hiyo bila kificho. Ngazi ya huduma ilijazwa kwa sababu ya posta.

Kisa cha pili kitakachochukua bango zima ni cha Augustino wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, na Yeronimo aliyekuwa Bethlehemu. Karibu na mwaka 395 Augustino alimwandikia Yeronimo akihoji tafsiri zake na maelezo yake juu ya ugomvi wa Petro na Paulo katika Wagalatia. Mjumbe, Profuturus, akafanywa askofu kabla hajaondoka. Barua ya pili ilikabidhiwa kwa Paulus, ambaye aliiogopa bahari na hakwenda. Lakini nakala zake zilitoka na kusomwa Roma, na shemasi Sysinnius akaikuta nyingine katika kisiwa kimoja cha Adria, miaka kadhaa kabla Augustino hajajua kwamba Yeronimo hajaipata kwa njia halali. Yeronimo alikasirika, na hakutaka kujibu mpaka apate nakala yenye uthibitisho wa Augustino mwenyewe, asije akajibizana na mtu asiye mwandishi. Uhusiano wa wanateolojia wawili wakubwa wa Kilatini ulivurugika kwa miaka kwa sababu ya wachukuzi wawili ambao hawakusafiri.

Upande wa furaha wa jambo hili ni barua za utambulisho. Katika karne ya 3 askofu Sotas wa Oxyrhynchus alitoa na kupokea karatasi fupi za kuwatambulisha waumini wasafiri, zikiomba wapokewe kwa amani. Moja aliyopokea kutoka kwa mapadre wa Herakleopolis inamtambulisha dada Taion, pamoja na mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa imani kabla ya kubatizwa, ambaye mafundisho yake yamefika kitabu cha Mwanzo. Mtu yeyote aliyewahi kuhama usharika akiwa na barua ya mchungaji wake mkononi ataielewa papo hapo.

26 Mei

Nakala. Barua iliyofika ilisomwa kwa sauti. Katika 1 Wathesalonike Paulo anawaapisha kwamba isomwe kwa ndugu wote, na Wakolosai wanaagizwa wabadilishane waraka na Walaodikia. Kubadilishana kulimaanisha kunakili. Mtumaji pia alibaki na nakala: Cicero alimwambia rafiki yake asisikitike kwa barua iliyochanika, kwa kuwa nyingine iko salama nyumbani. Inawezekana kabisa kwamba mkusanyiko wa nyaraka za Paulo ulianza kwa nakala alizobaki nazo mwenyewe, na kwangu dhana hiyo ina nguvu kuliko ile ya mtu kuzunguka makanisani akiokota karatasi moja moja.

Kufikia karibu mwaka 200 nyaraka hizo zilikuwa zimekusanywa katika kitabu cha kurasa na si katika gombo: kitabu cha mafunjo ambacho majani yake 86 yamesalia kati ya 104, mengine Dublin na mengine Chuo Kikuu cha Michigan. Filemoni haumo katika majani hayo. Kipande chake cha zamani tunachokitumia kwa bango kiko Köln, Ujerumani, na kina sehemu za mistari ya 13 hadi 15 upande mmoja, na 24 na 25 upande wa pili.

Mlolongo wa wanakili unaonekana wazi kuliko pote mwishoni mwa simulizi la kuuawa kwa Polikarpo, askofu wa Smirna, ambalo ni waraka wa kanisa la Smirna kwa kanisa la Filomelio. Evarestus ndiye aliyeuandika. Kisha Gayo anasema amenakili kutoka kwenye karatasi za Irenayo. Sokrate wa Korintho akanakili kutoka kwa Gayo. Na Pionio akanakili baada ya kuitafuta nakala iliyokuwa karibu kuharibika kwa uzee. Kila mmoja ameacha jina lake na kutaja aliponakili.

Nakala yetu ya kwanza imekamilika, imekunjwa na kugongwa muhuri, na haitafunguliwa hadi siku ya maonyesho. Kabla ya kuifunga tuliipiga picha. Wiki ijayo mwanafunzi wa pili, asiyejua Kigiriki, atanakili kutoka kwenye picha hiyo bila kutazama kitabu, na wa tatu atanakili kutoka kwake. Nakala zote tatu zitatundikwa sambamba, na kalamu ya rangi itatumika kuonyesha kila herufi iliyobadilika njiani. Kazi zilizobaki ni kuchonga matete mengine, kuomba meza mbili kutoka umoja wa akina mama, na kupata nailoni ya kufunika mabango, kwa kuwa paa la ukumbi linavuja upande wa ziwa.